Kuharisha damu si amiba kila mara

Ukiharisha damu kwa wiki kadhaa, huenda si amiba. Kuna kolaitisi ya vidonda, ugonjwa wa utumbo mpana unaotulia na kurudi kwa miaka.

Ukuta wa ndani wa utumbo una safu moja tu ya seli. Ili zishikamane na kuzuia bakteria wasipenye, seli hizo zinahitaji nishati. Takriban asilimia 70 huipata kwenye butireti, asidi inayotengenezwa na bakteria wa tumboni wanapochachusha nyuzinyuzi za maharage, mboga na nafaka isiyokobolewa.

Mwaka 1980, mtafiti William Roediger alieleza kuwa seli za wagonjwa hawa hushindwa kuitumia butireti ipasavyo. Seli zikiishiwa nguvu ukuta huvuja, bakteria hupenya, kinga ya mwili huwashambulia, na utumbo huvimba zaidi.

Ndiyo maana maharage peke yake hayamponyi mgonjwa: chakula kipo, seli ndizo haziwezi kukitumia. Dawa ulizoandikiwa usiziache ukipata nafuu, na ugonjwa ukiamka muulize daktari kabla ya kuongeza nyuzinyuzi. Ukiona damu chooni, nenda ukapime. Usijinunulie tena dawa ya amiba.