Moto wa mlimani: wanaoitwa kuuzima wamevaa nini?

Oktoba 2020 moto ulipowaka Mlima Kilimanjaro, waliopanda kuuzima hawakuwa askari wa TANAPA na Zimamoto peke yao. Walikuwemo wanafunzi wa Chuo cha Mweka na wananchi wa vijiji vya chini ya mlima, wengine na mapanga na matawi mabichi tu. Oktoba 2022 moto ukazuka tena, safari hii upande wa Karanga. Ndiyo maana kila kiangazi kikielekea mwisho tunauliza: hawa wanaoitwa na mwenyekiti wa kijiji, wamevaa nini na wamefundishwa nini?

Tuanze na nguo, maana hapo hata asiye na bajeti ana la kufanya. Jezi ya mpira ya nailoni au poliesta ikipata joto kali huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Shati zito la pamba la mikono mirefu, suruali ya jinsi na buti za ngozi ni afadhali, ingawa hazifikii sare ya zimamoto. Yeboyebo zibaki nyumbani. Kitambaa puani hupunguza majivu, lakini hakizuii ile hewa ya sumu inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani.

Hata hivyo, vifaa vina mwisho wake. Tarehe 30 Juni 2013, huko Yarnell Hill, Arizona, Marekani, wazima moto 19 wa kikosi kimoja walikufa. Walikuwa na mafunzo, sare, hata mahema madogo ya kujikinga na moto. Walikuwa wametoka kwenye eneo lililokwisha kuungua, ambalo ndilo salama, wakashuka kwenye vichaka. Upepo ukageuka. Moto ukawakuta huko, na joto likayashinda mahema.

Kwa hiyo mtu anayepanda ajue kwanza nani anaangalia upepo, watawasiliana vipi, njia ya kukimbilia ni ipi na inaishia wapi. Ajue pia kwamba moto hupanda mteremko mbio kuliko unavyoshuka, hivyo asisimame juu yake.

Mafunzo hayo yanatosha siku moja chini ya mwembe. Sisi tunaona yangetangulia mjadala wa helikopta.

Msikilizaji wetu, muulize mwenyekiti wako kabla ya moto: nani anaandika majina ya wanaopanda, na nani anawahesabu wakishuka? Namba ya Zimamoto ni 114.