Kabla ya bangi ya tiba, tufikishieni mofini

Kila redio inapotangaza kwamba nchi fulani imeruhusu bangi ya tiba, wateja hunijia dukani kuuliza kama na sisi tutaanza kuiuza. Wengi ni wanawake, na hawaulizii starehe. Ni mabinti na wakwe wanaouguza wagonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi. "Shikamoo mama, usiku halali kabisa, anauma shuka," aliniambia mmoja.

Duka langu la dawa muhimu liko wilayani Ikungi, mkoani Singida, kando ya barabara kuu ya Dodoma. Jibu langu halibadiliki: Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza bangi, nami sitaiweka kwenye rafu. Rwanda iliruhusu kilimo chake mwaka 2021, lakini kwa ajili ya kuuza nje. Ni kweli nchi kadhaa zinatumia dawa zitokanazo na mmea huo kupunguza kichefuchefu cha tiba ya saratani. Wataalamu wetu wajadili hilo. Ila mama wa Ikungi anaumwa leo, na dawa ya maumivu makali inayokubalika kisheria ipo tayari. Inaitwa mofini.

Mimi nina panadol na diklofenaki. Maduka ya aina yangu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, yana orodha yake ya dawa, na mofini haimo. Ni sawa isiwemo. Sidai niuze mofini kaunta kama ninavyouza dawa ya mafua. Ninalolalamikia ni kwamba nikimwambia binti aende hospitali, namtuma safari ndefu: bodaboda hadi barabarani, kisha basi, na nauli inatoka kwenye gunia la alizeti. Akiambiwa aende hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, au ya Bugando, Mwanza, familia inauza ng'ombe. Kuna wanaorudi nyumbani wakiwa hawana tena tiba ya kuwaponya, na hapo ndipo maumivu yanapokuwa makali kuliko wakati wowote.

Jirani hutoa ushauri: chemsha majani ya bangi, mpe anywe. Hakuna ajuaye nguvu ya mchemsho ule, wala utafanya nini ukikutana na dawa nyingine. Na anayeuguza akikamatwa, nani atamgeuza mgonjwa kitandani?

Saratani ya mlango wa kizazi si ya wachache. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha Tanzania ina wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kwa mwaka, na vifo zaidi ya 6,000. Chanjo dhidi yake kwa wasichana tulianza nchi nzima mwaka 2018, na ninaishukuru serikali kwa hilo, lakini haiwasaidii mama zao ambao tayari ni wagonjwa.

Mofini ya kunywa si anasa. Ni unga unaochanganywa na maji kwa kipimo, ukawekwa kwenye chupa, na mgonjwa akanywa nyumbani kila baada ya saa nne. Shirika la Afya Duniani limeiweka mofini kwenye orodha ya dawa muhimu tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Hata mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961, ule unaodhibiti bangi na mofini kwa pamoja, unatamka kwamba dawa hizi ni za lazima katika kutuliza maumivu, na kwamba nchi zihakikishe zinapatikana. Kwetu upande wa kuzuia umeshikwa barabara. Upande wa kufikisha umelegea.

Waganda waliliona hili mapema. Hospice Africa Uganda ilianza mwaka 1993 chini ya daktari Anne Merriman, na mwaka 2004 serikali yao ikaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso, kuandika mofini. Mgonjwa wa kijijini hakulazimika tena kumtafuta daktari, maana madaktari ni wachache huko kama walivyo wachache kwetu.

Wizara ya Afya, naomba hivi: kila kituo cha afya Singida kiwe na muuguzi mmoja aliyefundishwa na kuruhusiwa kuandika mofini ya kunywa, kiwe na kabati lenye kufuli mbili, na daftari ambalo mkaguzi atalisoma chupa kwa chupa. Nasi wenye maduka tufundishwe kumtambua mgonjwa na kumwelekeza huko. Wabunge wetu wa Singida, liulizeni hili bungeni kwenye bajeti ijayo ya Afya.