Saa Saba Gani, Mwanangu?

Fikirini jambo hili. Mwalimu ameandika ubaoni: mtihani, 7h30. Mtoto anarudi nyumbani hapa Kabambare: «Mama, ni saa saba na nusu.» Mama anasikia saa saba ya mchana. «Basi kesho asubui enda kwanza ku maji.» Mtoto anafika ku masomo, wenzake wamekwisha kuandika. Mwaka umepotea, na hakuna aliyesema uongo!

Kiswahili kinahesabu tangu jua kutoka. Huku Maniema, karibu na Ikweta, linatoka karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Likikaa juu saa nzima, ndiyo saa moja. Kifaransa kinaanza usiku wa manane. Kati yao kuna masaa sita.

Usimchoshe mtoto na kutoa na kuongeza. Kata katoni iwe duara, andika 1 mpaka 12, tia vijiti viwili, kirefu na kifupi. Kifupi kikielekea 7, aangalie ng'ambo yake: 1. Saa moja! Kikielekea 10, ng'ambo ni 4. Dakika hazigeuki. (Watoto wanashika upesi kuliko sisi wakubwa.)

Redio ikitaja saa ya Kinshasa, ongeza moja, maana sisi tunafuata ya Lubumbashi.

Na mtoto akileta habari ya mtihani, usiulize tu «saa ngapi?» Uliza: «Jua litakuwa wapi?»