UCHAMBUZI: Intaneti isiwe neema ya viwanda vya miji mikuu pekee

NYAYA za mawasiliano za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, wengi walitarajia kwamba kiwanda cha Kakamega kingefaidi sawa na cha Nairobi. Matarajio hayo hayajatimia kikamilifu.

Katika Eneo la Viwanda jijini Nairobi, kampuni kadhaa za intaneti hung'ang'ania wateja. Mashinani, kampuni hizo husita kutandaza nyaya kwa ajili ya wateja wachache waliotawanyika. Fundi wa jua kali hubakia na simu ya mkononi, inayomfaa kupokea malipo ya M-Pesa lakini isiyomtosha kusimamia maagizo, bohari na hesabu.

Pengo hilo sasa lina gharama. Tangu Januari 2024, kwa kawaida mfanyabiashara anayenunua bidhaa bila ankara ya kielektroniki ya mfumo wa eTIMS haruhusiwi kuondoa gharama hiyo anapokokotoa kodi yake. Mnunuzi mkubwa basi ana kila sababu ya kumkwepa mtengenezaji asiyeweza kuitoa.

Serikali ilifikisha nyaya za NOFBI katika makao makuu ya kaunti. Kilichosalia ni safari fupi lakini ghali: kutoka makao hayo hadi mlangoni mwa karakana. Bila hiyo, ugatuzi wa viwanda utabakia maneno matupu.