Kelele juu ya yoga hazimnyooshi mtoto mgongo

Kila linapotajwa jambo jipya shuleni, hawakosekani watu wa kulilaani kabla ya kulitazama. Ndivyo ilivyo kwa yoga. Mwalimu akithubutu kuwasimamisha watoto wanyooshe viungo na kuvuta pumzi kwa utaratibu, mmoja atasema hiyo ni ibada ya Wahindi. Wa pili atasema ni starehe ya matajiri. Na wa tatu, ambaye ni hatari kuliko wenzake, atasema hakuna muda kwa kuwa mtihani umekaribia. Hoja hizo yafaa zipimwe moja moja, maana anayepata hasara katika kelele hizo ni mtoto.

Hoja ya kwanza ni nzito na haistahili kudharauliwa. Asili ya yoga ni India, ambako kwa karne nyingi imekwenda pamoja na imani na tafakuri. Mzazi Mwislamu au Mkristo anayeuliza mwanawe anafundishwa nini anatumia haki yake. Lakini kuuliza ni jambo moja na kupiga marufuku ni jambo jingine. Jimbo la Alabama, nchini Marekani, lilipiga marufuku yoga katika shule za serikali mwaka 1993. Ilichukua miaka 28 hadi sheria ya mwaka 2021 iliporuhusu mazoezi hayo kwa masharti: mikao iitwe kwa Kiingereza, maneno ya ibada yasitamkwe, na mzazi atoe idhini kwa maandishi. Kule Encinitas, jimboni California, wazazi walikwenda mahakamani. Mwaka 2013 jaji aliamua kwamba yoga kama ilivyofundishwa katika shule zile haikuwa mafundisho ya dini, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye. Kilichopimwa pale kilikuwa kile watoto walichokifanya darasani, wala halikuwa jina lake.

Nao watoto hufanya nini? Husimama kwa mguu mmoja mfano wa mti, hujinyoosha wima mfano wa mlima, hulala kifudifudi na kuinua kifua mfano wa nyoka, hupinda mgongo mfano wa paka. Hakuna jina hapo lisilo na Kiswahili chake. Mwalimu na ayataje kwa Kiswahili, aache nyimbo za ibada, awaeleze wazazi mkutanoni kabla ya kuanza. Na mtoto ambaye mzazi wake hakuridhika apewe zoezi jingine bila kuaibishwa. Ama wale wanaolalamikia ugeni, wajiulize mpira wa miguu ulitoka wapi, na kama kuna anayewakataza vijana kuucheza kwa sababu uliletwa na Waingereza.

Hoja ya pili, ya anasa, imetokana na wafanyabiashara. Ni wao waliolichukua zoezi lisilo na gharama wakalivika mavazi maalumu, mikeka ya bei na ada ya kila mwezi. Mmoja wa walimu wa yoga waliojulikana sana duniani, B.K.S. Iyengar, alizaliwa nchini India mwaka 1918 katika familia isiyo na mali, akakua akiandamwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Alianza kujifunza mjini Mysore miaka ya 1930, akiwa kijana dhaifu wa mwili. Mtoto wa mkulima anahitaji mkeka ule ule wa nyumbani, dakika 10 na mtu mzima wa kumwangalia.

Inabaki hoja ya tatu, na hapa ndipo penye aibu. Katika shule si chache, kipindi cha michezo kimegeuzwa kuwa kipindi cha marudio. Mtoto huketi kwenye dawati tangu asubuhi, akirudi nyumbani huketi tena mbele ya daftari au runinga, kisha wakubwa hushangaa kumwona amejikunyata na hasikii anachofundishwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka kila mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kwa siku, sehemu kubwa ikiwa ni mazoezi ya kuhemesha. Waliosoma Tanzania miaka ya 1970 wanaukumbuka mchakamchaka wa alfajiri. Hakuna aliyedai kwamba uliwapunguzia akili.

Hivyo isije yoga ikawa kisingizio cha kufuta mbio na mpira. Kunyoosha viungo hakutoshi mahali pa kukimbia, wala hakuponyi malaria, wala hakujazi tumbo lenye njaa. Kazi yake ni ndogo na ya kweli: kuulainisha mwili uliokaa mno, kuufundisha kusimama imara, na kuituliza pumzi ya mtoto mwenye hofu kabla ya karatasi ya mtihani. Nayo ina miiko yake. Mtoto asisimamishwe kwa kichwa, asilazimishwe kubana pumzi, asifanye mara baada ya kula, na anayesikia maumivu aachwe apumzike. Mwalimu anayegeuza zoezi kuwa adhabu ameliharibu.

Wajibu sasa ni wa maofisa elimu na walimu wakuu. Warudishe kwanza kipindi cha michezo kilichoporwa, kisha watenge dakika chache kati ya masomo watoto wainuke na kujinyoosha. Hakuna fedha ya kusubiri kutoka wizarani wala mfadhili wa kuombwa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Taifa linalowaacha watoto wake wakauke kwenye madawati lisije likalalamika, wakishakuwa watu wazima, kwamba hawakunjiki.