Mpima Maji Amtangulie Mpima Ardhi

Asafiriye kwa barabara kuu ya Nairobi hadi Mombasa hawezi kukosa kuyaona mabango ya viwanja, tangu Malili hadi Emali na Kibwezi. Hali ni iyo hiyo viungani mwa mji wa Kitui. Mabango hayo hutaja hatimiliki, umbali kutoka barabarani na malipo ya polepole. Kuhusu maji, mengi hutosheka kusema kwamba "yako karibu".

Nakiri kwamba mimi nami niliamini. Kwa akiba ya mshahara wa ualimu nilinunua kiwanja cha futi 50 kwa 100 katika Makueni, kutoka kwa muuzaji ambaye sina haja ya kumtaja. Niliikagua hati, nikavihesabu vigingi, nisiulize juu ya maji. Baadaye majirani tulichanga fedha tukachimba kisima kirefu, na maji yaliyotoka yalikuwa ya chumvi, yasiyofaa hata kupikia. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Katika biashara hii, muuzaji huchimba na mnunuzi ndiye aingiaye.

Yafaa ieleweke kwamba chini ya sehemu kubwa ya Ukambani pana miamba ya kale iliyo migumu sana. Maji hukaa katika nyufa zake na katika tabaka la juu lililochakaa kwa miaka mingi. Ndiyo maana kisima kimoja hutoa maji ilhali kingine, hatua hamsini tu kutoka hapo, ni kikavu. Pengine maji hupatikana, lakini yamejaa chumvi au floraidi. Kule Kibwezi, milima ya Chyulu iliyotokana na volkano hunywa mvua na kuitoa katika chemchemi kama Umani; lakini neema hiyo haitufundishi lolote kuhusu Mutomo.

Walimu wa hisabati na wawape wanafunzi wao hesabu hii. Tuchukulie kwamba ekari moja inapata milimita 600 za mvua kwa mwaka. Hizo ni takriban lita milioni 2.4. Sehemu kubwa hukaushwa na jua au hutiririka hadi mtoni. Tukikadiria kwamba asilimia 3 huzama hadi mwambani, tunapata lita 73,000 hivi, yaani lita 200 kwa siku. Mkulima mmoja na jamaa yake wanaweza kujikimu kwazo. Igawe ekari hiyo iwe viwanja vinane, na kila nyumba itapata lita 25: mtungi mmoja na kidogo. Shirika la Afya Duniani hutaja lita 50 hadi 100 kwa kila mtu kwa siku. Ni kweli kwamba maji husafiri chini ya ardhi kutoka shamba la jirani; lakini jirani naye akigawa lake, hesabu ni ile ile. Na mvua zikikosekana misimu mitano mfululizo, kama ilivyotokea kati ya 2020 na 2022, hata mtungi huo hauna hakika.

Zaidi ya hayo, kila kiwanja huchimbwa choo cha shimo. Katika eneo finyu namna hiyo, choo cha huyu hukaribiana na kisima cha yule, na uchafu hupenya katika nyufa zile zile zipitishazo maji.

Je, sheria imenyamaza? La. Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, atakaye kuchimba kisima kirefu hupata kwanza idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, akiwa na ripoti ya mtaalamu wa maji ya ardhini. Kasoro ni kwamba swali hilo huulizwa kiwanja kimoja kimoja, baada ya ardhi kugawanywa na fedha kulipwa. Ilhali Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 huipa bodi uwezo wa kukataa mgawanyo utakaopunguza mavuno ya shamba, na Sheria ya 2019 ya mipango ya matumizi ya ardhi huzipa kaunti mamlaka ya kuidhinisha ugawaji na kuuwekea masharti. Ripoti ya maji na iwe mojawapo ya masharti hayo, kabla ya kigingi cha kwanza kupigwa. Isipoonyesha maji ya kutosha, viwanja viwe vikubwa zaidi, au muuzaji avute mabomba kwanza.

Watakuwapo watakaosema kwamba bei itapanda. Gharama ya uchunguzi mmoja ikigawanywa kwa viwanja themanini ni ndogo kuliko hasara ya kisima kimoja kikavu. Baba anayewagawia wanawe urithi ni suala jingine. Huyo kaunti imsaidie kwa wataalamu wake.

Serikali yenyewe ilipopanga mji wa Konza, iliuliza maji yatatoka wapi, na jibu likawa Bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa mwaka wa 2018. Ikiwa mji mkubwa ulistahili swali hilo, mwalimu anayenunua thumuni ya ekari anastahili pia. Nasi wanunuzi tuliulize kwa sauti, kabla ya kutia sahihi.