Friji ikirudi kwa fundi mara ya nne: Sharia na sheria zasemaje?



Ndugu Waislamu, majumbani mwetu hivi leo mna friji, mashine za kufulia na majiko ya umeme yaliyonunuliwa kwa pesa za jasho, pengine kwa malipo ya mwezi kwa mwezi. Muuzaji anapokwisha kuhesabu pesa zake huuliza jambo moja la mwisho: je, mwaitaka waranti ya nyongeza? Lipeni kiasi kidogo zaidi, mtaongezewa miaka miwili au mitatu juu ya ule mwaka wa mtengenezaji. Wengi wetu huitikia, tukidhani tumenunua utulivu wa moyo.

Mwandishi wa makala haya ameionja hali hiyo. Friji yetu iliacha kubaridisha katika mwezi wa nne tangu kununuliwa. Fundi wa duka akaongeza gesi. Mwezi wa kumi ikarudia, akaongeza tena. Mwaka ukaisha, waranti tuliyoilipia ikaanza, na friji ikaharibika mara ya tatu na ya nne kwa ugonjwa ule ule. Dukani tukaambiwa kuwa yale ya mwaka wa kwanza yamekwisha, huu sasa ni mkataba mwingine, na tuwe na subira. Samaki na maziwa yaliyomwagwa hakuna aliyeyahesabu, na mama watoto alikwisha kurudia kununua mboga ya siku moja moja, kana kwamba friji haimo nyumbani.

Hapa yafaa kusema neno juu ya gesi yenyewe, maana wengi hudanganyika. Gesi ya friji si kama ya jikoni, haiishi kwa kutumika. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, na ikipungua maana yake kuna mahali inavuja. Fundi anayeongeza gesi bila kuutafuta uvujaji na kuuziba hajatengeneza kitu. Ameahirisha tu.

Na kuahirisha ndiko penye hatari. Somo hakiki kile kikaratasi cha waranti ya nyongeza, nawe utaona kuwa kwa kawaida hakiahidi friji nzima. Kinaahidi kutengeneza, au kubadilisha iwapo kampuni yenyewe itaona inafaa, na hapo hapo kinaondoa madhara ya umeme unaopanda na kushuka. Kwa maneno mengine, kampuni inaweza kuleta fundi mara kumi ikasema kuwa imetimiza ahadi yake kila mara.

Lakini haki ya mnunuzi haikuanzia kwenye kikaratasi hicho. Katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye lundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye nafaka akasingizia mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi asiiweke iliyolowa juu watu wakaiona, kisha akamkemea kwa ukali juu ya udanganyifu. Wanachuoni wakaeleza hiyari iitwayo khiyarul-aybi: mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwamo kabla ya kukabidhiwa mali, naye hakuijua, ana haki ya kuirudisha na kuchukua thamani yake. Haki hii hailipiwi nyongeza yoyote, kwani imo ndani ya mauzo yenyewe.

Lililo zito kwetu sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi ni sharti la muda. Kwa mujibu wa madhehebu hayo, mwenye kugundua kasoro hana budi kurudisha papo hapo. Imam Nawawi katika Minhaj anamsamehe aliyekuwa katika sala au chakula mpaka amalize, na aliyegundua usiku mpaka kuche. Aidha ni sharti aache kukitumia kitu hicho. Wenye madhehebu ya Hanbali wamelegeza, wakasema kuchelewa peke yake hakuvunji haki maadamu mnunuzi hakuonyesha kuridhika. Kwa vyovyote vile, kunyamaza ukaendelea kutumia ni hatari. Ile subira tunayohimizwa dukani si ile inayosifiwa mimbarini. Hii huweza kuhesabiwa kuwa ni ridhaa.

Ajabu ni kwamba sheria ya nchi yetu ya Kenya yaelekea huko huko. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, iliyofuata ile ya Uingereza ya 1893, inataka bidhaa iwe na ubora unaofaa, lakini mnunuzi akikaa nayo muda wa kutosha bila kusema kuwa anaikataa, huhesabiwa ameikubali, na hubakiwa na dai la fidia tu. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 ikaongeza kuwa mkataba hauwezi kuifuta haki hiyo ya ubora. Waingereza wenyewe wamekwisha kusonga mbele: sheria yao ya 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kurudisha, na baada ya hapo muuzaji ana nafasi moja tu ya kutengeneza. Ikishindikana, mnunuzi huweza kurudisha au kupunguziwa bei. Yafaa wabunge wetu waitazame.

Kuhusu kuinunua waranti yenyewe, wanachuoni wa zama hizi wametofautiana. Baraza la Fiqhi lililokutana Jeddah mwaka 1985 lilikataza bima ya kibiashara kwa sababu ya gharari, na wako wanaoipima waranti inayolipiwa mbali kwa kipimo hicho. Ile iliyomo ndani ya bei wengi hawaoni ubaya wake. Mimi naona pesa hizo zingefaa zaidi zikiwekwa kando kwa fundi mzuri.

Kwa aliyekwisha kunaswa, aandike barua siku ile ile kasoro inapojirudia, ataje tarehe za matengenezo yote, adai ripoti ya fundi kila mara, na atamke wazi kuwa anaikataa bidhaa. Akikubali itengenezwe tena, aweke sharti kwamba ikirudia atarudishiwa pesa, maana Waislamu hufungwa na masharti yao, na hakimu naye huyatazama. Wakikataa, kesi kama hii haiendi kwa Kadhi, ambaye Katiba imempa ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu binafsi. Huenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na kutakiwa kuamua ndani ya siku 60. Wakili si lazima.

Sisi barua tuliiandika baada ya fundi wa nne. Ikajibiwa siku ya kumi na moja: tutapewa friji nyingine ya aina ile ile, ila waranti yake itaishia pale pale ilipokuwa iishie ya kwanza. Tukakubali kwa maandishi, na sharti la kurudishiwa pesa tukaliongeza kwa mkono chini ya ukurasa. Meneja alilisoma mara mbili, kisha akatia sahihi.